Mzizi Usioonekana: Mofolojia ya Kiswahili na Ujifunzaji wa Msamiati wa Juu wa Kiingereza Mkoani Katavi

Ikisiri

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma elimu ya msingi kwa Kiswahili hukutana ghafla na msamiati wa kitaaluma wa Kiingereza anapoingia kidato cha kwanza. Makala haya yanafafanua ugumu wa msamiati huo kwa mifano kutoka katika mazingira ya Mpanda na mkoa wa Katavi: ufugaji, kilimo, uchimbaji mdogo wa dhahabu na historia ya makazi ya Katumba na Mishamo. Hoja inayojengwa ni kwamba ugumu hautokani na wingi wa maneno pekee, bali pia na muundo wa tabaka mbili wa leksikoni ya Kiingereza, ambamo vivumishi vya kitaaluma mara nyingi havifanani kiumbo na nomino vinazozihusu. Makala yanaonyesha kuwa mjuzi wa Kiswahili tayari anayo maarifa ya kimofolojia yanayoweza kumsaidia, hususani unyambulishaji wa Kibantu na mashina ya Kiarabu, na yanabainisha mahali ambapo maarifa hayo humpotosha.

1.0 Utangulizi

Mtoto wa mfugaji anayekulia katika mabonde ya Mpimbwe au Mlele anaweza kuutambua ugonjwa unaoitwa homa ya mapafu ya ng'ombe kabla hajamaliza darasa la saba. Anajua homa ni nini, anajua mapafu, na ng'ombe hahitaji kufundishwa. Jina lenyewe la ugonjwa linamweleza mnyama anayeugua, kiungo kinachoathirika na dalili ya kuiangalia. Mtoto huyohuyo akiingia sekondari na kuusoma ugonjwa uleule kwa jina la Kiingereza, 'contagious bovine pleuropneumonia', hakuna silabi hata moja inayomrudisha zizini. Hata kama amejifunza kuwa ng'ombe ni 'cow', mapafu ni 'lungs' na homa ni 'fever', hakuna hata moja kati ya maneno hayo matatu linaloonekana katika jina hilo. Maarifa yake ya ugonjwa ni yaleyale, lakini mbele ya karatasi ya mtihani amekuwa mtu asiyejua.

Hali hii si ya Katavi peke yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, ilhali Kiingereza kimebaki kuwa lugha ya kufundishia sekondari na vyuoni. Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilionyesha kuwa kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari kilikuwa chini mno kuweza kubeba masomo mengine, lakini ikahitimisha kwa kutaka lugha hiyo iendelee na iimarishwe. Mjadala uliofuata, ukiwemo ule ulioongozwa na mradi wa LOITASA kuanzia mwaka 2002, umeandikwa kwa mapana na hauna haja ya kurudiwa hapa. Lililoandikwa kwa uchache zaidi, na hasa kwa Kiswahili, ni swali la kileksikografia na kimofolojia lililo ndani ya mjadala huo: je, ni kitu gani hasa katika neno la juu la Kiingereza kinachomzuia mjuzi wa Kiswahili asilielewe?

Katavi inafaa kuwa uwanja wa kulijibu swali hili kwa sababu mbili. Kwanza, ni mkoa ambao lugha nyingi zimekutana. Pamoja na Kibende, Kipimbwe na Kikonongo, kuna Kifipa kutoka kusini, Kisukuma kilichokuja na wafugaji na wakulima kutoka kaskazini, na Kirundi katika makazi ya waliokuwa wakimbizi. Kwa wanafunzi wengi, basi, Kiingereza ni lugha ya tatu. Pili, shughuli za uchumi za mkoa zimekwishaingiza maneno ya Kiingereza katika Kiswahili cha kazini kwa njia ambayo shule haikuipanga. Reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, na tangu wakati huo mgodi, reli na shamba vimekuwa vikifundisha msamiati bila ubao wala chaki.

2.0 Suala la idadi

Ni desturi kueleza ugumu wa msamiati kwa takwimu. Hu na Nation (2000) walihitimisha kuwa msomaji huhitaji kuyafahamu takribani asilimia 98 ya maneno ya matini ili aielewe ipasavyo bila msaada, na Nation (2006) akakadiria kuwa kiwango hicho hudai ujuzi wa familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000 kwa matini za maandishi. Familia ya maneno hapa ni shina pamoja na maumbo yake yote yaliyonyambulishwa. Asilimia 98 inasikika kama kiwango cha ukamilifu, lakini maana yake ni kwamba katika kila maneno 50 kuna moja lisilofahamika. Mwanafunzi anayefahamu asilimia 90 hujikwaa katika kila neno la kumi, yaani karibu katika kila mstari wa kitabu.

Orodha ya msamiati wa kitaaluma iliyoandaliwa na Coxhead (2000) ina familia 570 zinazofunika takribani asilimia 10 ya matini za kitaaluma. Orodha hiyo imekuwa na manufaa, nayo imeleta pia mazoea yasiyo na tija: ubao kujazwa maneno kumi kwa siku, kila neno na tafsiri yake moja ya Kiswahili, na mwanafunzi kuyakariri kama hesabu ya kuzidisha. Mbinu hiyo hulichukulia kila neno kama kitu kisicho na ndugu. Mjuzi wa lugha ya Kibantu ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kufundishwa hivyo, kwa kuwa katika lugha yake maneno hayakai peke yake.

3.0 Tabaka mbili za leksikoni ya Kiingereza

Kiingereza ni lugha ya Kijerumani ambayo, baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, ilipokea maelfu ya maneno ya Kifaransa, na baadaye, hasa kuanzia zama za Mwamko, ikachota moja kwa moja kutoka Kilatini na Kigiriki. Tabaka la kwanza limebaki na vitu vya nyumbani na mwilini: jua ni 'sun', mwezi ni 'moon', jino ni 'tooth', figo ni 'kidney', ng'ombe ni 'cow'. Tabaka la pili limetwaa sheria, tiba, sayansi na utawala. Matokeo yake ni kwamba nomino hutoka katika tabaka moja na kivumishi chake katika tabaka jingine: 'sun' lakini 'solar', 'moon' lakini 'lunar', 'tooth' lakini 'dental', 'kidney' lakini 'renal', 'cow' lakini 'bovine'.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili jambo hili ni geni kabisa. Kiswahili kina vivumishi vya asili vichache, na pengo hilo huzibwa na kihusishi cha a-unganifu: nishati ya jua, kalenda ya mwezi, daktari wa meno, ugonjwa wa figo. Nomino haibadiliki hata kidogo. Anayejua jua, moja kwa moja anajua -a jua. Kwa hiyo mwanafunzi hana sababu ya kushuku kuwa katika lugha nyingine kujua jina la kitu hakumpi mtu uwezo wa kukitumia kitu hicho kama sifa. Anapokutana na 'solar' hudhani ni kitu kipya duniani, wakati ni jua lilelile lililomchoma njiani asubuhi. Ikumbukwe kwamba neno hilo la 'solar' limo pia mitaani: wauzaji wa vifaa vya umeme mjini Mpanda, kama kwingineko nchini, huuza sola. Lakini sola imetoholewa kama jina la paneli, si kama sifa ya jua, hivyo utohozi wenyewe umeficha uhusiano uliopaswa kuonekana.

Jiografia ya mkoa ina mifano mingi ya aina hii. Mwanafunzi wa Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, anaishi na ziwa; kitabu kitamletea 'lacustrine'. Aliye karibu na mto Katuma anaujua mto na viboko wake; kitabu kitamletea 'fluvial'. Wanyama wanaotoka usiku katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi huitwa 'nocturnal', ingawa usiku ni 'night'. Katika kila mfano, kinachokosekana ni daraja kati ya maneno mawili yanayotaja kitu kimoja. Maarifa ya kitu chenyewe yapo. Orodha ya maneno kumi kwa siku haiwezi kujenga daraja hilo, kwa sababu huandika 'nocturnal' leo na 'night' iliandikwa miaka mitatu iliyopita.

4.0 Tabaka la Kiarabu kama kielelezo

Njia fupi zaidi ya kumweleza mwanafunzi jambo hili ni kumwonyesha kuwa lugha yake nayo imefanya jambo linalokaribiana nalo. Kiswahili, kikiwa na sarufi ya Kibantu, kimepokea kutoka Kiarabu sehemu kubwa ya msamiati wa dini, sheria, biashara na elimu. Hata katika kuhesabu, moja hadi tano na nane ni za Kibantu, lakini sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu. Kila mwanafunzi wa darasa la pili anazijua na hajawahi kuambiwa kuwa zimetoka katika nyumba mbili.

La muhimu zaidi ni kwamba maneno ya Kiarabu yaliingia Kiswahilini kwa makundi yenye mzizi mmoja wa konsonanti. Kitabu, katibu, maktaba na mkataba yana k-t-b, mzizi wa kuandika. Elimu, mwalimu, taaluma, mtaalamu na maalumu yana l na m zilizobaki kutoka mzizi wa kujua. La mwisho, maalumu, asili yake ni kilichojulikana. Mzungumzaji wa Kiswahili hatumii mzizi huo kuzalisha maneno mapya kama Mwarabu afanyavyo. Hata hivyo, anapoonyeshwa kwa mara ya kwanza kuwa katibu na maktaba ni ndugu, huuona undugu huo mara moja na hausahau.

Mashina ya Kilatini katika Kiingereza yanafanana na hayo kwa tabia. Shina lenye maana ya kubeba, 'port', limo katika 'transport', 'export', 'import' na 'portable'. Shina lenye maana ya kugusa limo katika 'contact', 'tangent', 'intact' na 'contagious'. Hapo ugonjwa wa ng'ombe unaanza kufunguka: 'contagious' ni wa kugusana, yaani wa kuambukiza, 'bovine' ni wa ng'ombe, 'pleuro-' ni utando unaofunika mapafu, 'pneumon-' ni pafu. Jina lililoonekana kama ukuta linageuka kuwa tafsiri ya maneno ambayo mtoto wa mfugaji alikuwa nayo tangu mwanzo. Kazi hiyo huchukua dakika chache darasani, na mashina yaliyopatikana hufanya kazi tena katika 'pneumonia' ya binadamu na katika 'contact' ya kemia.

Kuna sehemu moja ya Katavi ambayo kielelezo hiki kinagusa maisha kwa namna ya pekee. Katumba na Mishamo yalianzishwa katika miaka ya 1970 kuwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Miongo kadhaa baadaye, zaidi ya watu 160,000 kutoka makazi hayo mawili na lile la Ulyankulu mkoani Tabora walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na kuanzia mwaka 2014 wakakabidhiwa vyeti. Neno la kisheria la Kiingereza kwa tendo hilo ni 'naturalization'. La Kiswahili ni tajnisi. Yote mawili ni ya tabaka la juu, na yote mawili yana mzizi unaoweza kuonyeshwa. Tajnisi ina j-n-s, sawa na jinsi na jinsia, mzizi wa aina na kundi ambao katika Kiarabu huzaa pia neno la uraia. 'Naturalization' ina shina la Kilatini la kuzaliwa, lililomo pia katika 'native', 'nation' na 'nature'. Lugha mbili zimefika kwenye wazo moja kwa njia tofauti: mgeni anahesabiwa kama aliyezaliwa humo, au anaingizwa katika jinsi ya wenyeji. Familia nyingi za Mishamo zilijifunza maneno haya kwenye fomu na foleni. Mjukuu akilikuta 'naturalized' katika kitabu cha biolojia, likimaanisha mmea wa kigeni uliozoea ardhi mpya, ana haki ya kushtuka. Inafaa kuongeza kuwa baadhi ya wazee wa makazi hayo walisoma Kifaransa kabla ya kuhama. Kifaransa ni mtoto wa Kilatini, na maneno mengi ya juu ya Kiingereza yana umbo linalokaribia la Kifaransa. Ni hazina iliyokaa nyumbani bila kuulizwa.

5.0 Unyambulishaji: mahali njia zinapokutana

Zaidi ya mashina, viambishi vya Kiingereza vina wenzao katika Kiswahili, na wengine wanalingana kwa ukaribu wa kushangaza. Jozi ya 'employer' na 'employee' huwasumbua wanafunzi kwa sababu maneno yanatofautiana kwa sauti moja ya mwisho. Kiswahili kina mwajiri na mwajiriwa. Vivyo hivyo mtahini na mtahiniwa, msaili na msailiwa, kwa 'examiner' na 'examinee', 'interviewer' na 'interviewee'. Kiambishi -ee hufanya kazi ya -wa ya kutendwa, na hakuna haja ya kukariri jozi hizo moja moja. Palepale, hata hivyo, patolewe onyo la 'refugee'. Neno hili lina -ee, ilhali Kiswahili husema mkimbizi, nomino ya mtenda. Kiingereza kilichukua umbo la Kifaransa lenye maana ya aliyepewa hifadhi. Kiswahili kikamtazama mtu huyohuyo akiwa bado njiani, akikimbia. Tofauti hiyo si kosa la lugha yoyote.

Kauli ya kutendesha inalingana na -ize na -ify: halalisha ni 'legalize', rahisisha ni 'simplify'. Mfano wenye faida kubwa kwa mkoa wa wakulima ni rutuba. Kutoka rutuba hupatikana rutubisha na urutubishaji. Kutoka 'fertile' hupatikana 'fertilize', 'fertilizer' na 'fertilization'. Mfuko wa mbolea unaobebwa kwenye baiskeli kwenda shamba la mahindi au la tumbaku una neno la tatu kati ya hayo, limeandikwa kwa herufi kubwa. Biolojia ina la nne, kwa maana ya kutungishwa kwa yai. Mwanafunzi anayeambiwa tu kuwa 'fertilizer' ni mbolea ameondolewa njia ya kufika kwenye 'fertilization', kwa kuwa neno mbolea halina uhusiano wowote wa kiumbo na yai. Akipitishwa kwenye rutuba, atafika.

Ufanano unafika hata kwenye fonolojia. Kiambishi cha ukanushi cha Kilatini, in-, hubadilika kufuata konsonanti inayofuata: 'impossible', 'illegal', 'irregular'. Vitabu vya sarufi huviorodhesha viambishi hivyo kana kwamba ni vinne tofauti. Mzungumzaji wa Kiswahili hufanya badiliko la aina hiyohiyo kila siku bila kufikiri anaposema nyumba nzuri, nyumba mbaya na nyumba ndefu, ambapo nazali ya ngeli huifuata konsonanti ya shina na wakati mwingine kuibadili. Kanuni hiyo hahitaji kufundishwa upya, anahitaji kuonyeshwa tu.

Kauli ya kutendua inastahili kukaliwa zaidi. Kiswahili hutofautisha kukanusha tendo na kulirudisha nyuma: kunja, kunjua; funga, fungua; ziba, zibua. Kiambishi hiki katika lugha nyingi za Kibantu kina umbo la -ul-, na Kiswahili kimedondosha l yake. Mwanafunzi anayejua lugha nyingine ya Kibantu anaweza kuulizwa kama l hiyo ipo kwao. Kiingereza hutumia un- kwa kazi zote mbili. Katika 'unfold' ni kutendua. Katika 'unhappy' ni kukanusha. Neno 'unlockable' lina maana mbili zinazopingana, yaani kisichofungika na kinachofungulika, na ni Kiswahili kinachozitenga waziwazi. Mwanafunzi akizoezwa kujiuliza kama un- iliyo mbele yake ni -u- au ni si-, atakuwa anatumia uchambuzi ambao mzungumzaji wa Kiingereza mwenyewe hafundishwi.

6.0 Maneno ya kazi na mitego yake

Si kila anachokijua mwanafunzi kinamsaidia. Katika machimbo madogo ya dhahabu, jiwe lililotolewa kwenye duara hupelekwa kwenye karasha kusagwa, na mchanga uliobaki baada ya kuchenjuliwa mara ya kwanza, yaani marudio, hupelekwa plenti. Karasha ni 'crusher' na plenti ni 'plant'. Mtoto anayekulia karibu na machimbo anajua plenti ni mahali penye matangi na sianidi. Kisha, katika somo la kwanza la biolojia, anaambiwa kuwa 'plant' ni kitu chenye mizizi na majani kinachojitengenezea chakula. Akimwamini mwalimu, huona plenti ya machimboni kuwa neno jingine lisilohusiana. Akiamini alichokizoea, huandika jambo la ajabu kwenye daftari. Lakini maneno hayo mawili ni moja: mtambo uliitwa hivyo kwa kuwa umesimikwa mahali, kama mche uliopandwa. Kiswahili kina wazo lililo karibu na hilo kinaposema kusimika mtambo, kama nguzo inavyosimikwa. Anayeonyeshwa hivyo hupata maana mbili kwa gharama ya moja, na pengine atatambua pia kuwa 'plenty', lenye matamshi yanayokaribiana na ya plenti, ni neno la tatu lisilo na undugu nayo.

Mfano wa upande wa pili, ambapo Kiswahili kimeiga upolisemia wa Kiingereza, ni makinikia. Neno hili lilienea katika vinywa vya Watanzania mwaka 2017, serikali ilipozuia usafirishaji wa mchanga wa madini nje ya nchi. Umbo lake linaonyesha shina la makinika, yaani kutulia na kuzingatia. Ni tafsiri mkopo: 'concentrate' kwa Kiingereza ni kuzingatia na pia ni mada iliyokusanywa pamoja, na Kiswahili kikalibebesha shina moja maana zote mbili. Mwalimu wa kemia anayetaka kueleza 'concentration' ana neno ambalo hata magazeti yamelifafanua. Kinachobaki ni kuonyesha kuwa mwanafunzi aliyetulia darasani na dhahabu iliyosongamana mchangani vinaelezwa kwa picha moja, ya vitu kuvutwa kwenye kitovu kimoja.

Utohozi wa mjini una mitego midogo zaidi lakini ya mara kwa mara. Hoteli kwa Kiswahili cha mitaani ni mahali pa kula, hata kama hakuna kitanda. Gemu ni mechi au mchezo wa kwenye simu, kwa hiyo 'game reserve', jina la Kiingereza la pori la akiba, huzua picha ya uwanja. Akaunti ni ya benki. Mtego wa mwisho ndio wenye madhara zaidi, kwa kuwa maswali mengi ya mtihani wa historia au jiografia huanza kwa 'account for', na maana yake ni eleza sababu. Mwanafunzi anayejua sababu zote za jambo lililoulizwa anaweza kuandika maelezo ya jambo lenyewe badala ya sababu zake, akakosa alama kwa maneno mawili mafupi. Vitenzi vya amri vya mtihani, kama 'justify', 'assess' na 'elaborate', ni vichache na hurudiarudia. Inashangaza kwamba huachwa vijifundishe vyenyewe, wakati saa nyingi hutumika kwa maneno yatakayoonekana mara moja.

7.0 Mipaka ya mbinu ya mzizi

Uchambuzi wa mashina una hatari zake, na anayeupendekeza bila kuzitaja hatendi haki. Aliyefundishwa kuwa in- ni ukanushi atasoma 'invaluable' kama kisicho na thamani, kumbe ni chenye thamani isiyokadirika. Naye atatafuta ukanushi katika 'import', ambako in- ni ya kuingiza ndani. Maana nazo husafiri. Kujua kuwa 'report' ina shina la kubeba hakumwambii mtu kuwa ni ripoti, kunampa tu kitu cha kushikilia kumbukumbu baada ya kuelezwa maana. Isitoshe, neno halijajulikana mpaka lijulikane na majirani zake. Kiswahili hupiga simu, hupiga picha na hupiga pasi. Kiingereza kina kitenzi tofauti kwa kila tendo kati ya hayo, na hakuna mzizi utakaomfundisha mtu hivyo. Hilo huja kwa kusoma matini nyingi, na vitabu vya kusoma kwa burudani ni haba katika shule nyingi za mikoani.

Mbinu hii pia haiondoi swali la lugha ya kufundishia. Kinyume chake, inalitia nguvu, kwa kuwa kila hatua iliyoelezwa hapo juu inahitaji mwalimu azungumze Kiswahili waziwazi darasani na akitumie kama chombo cha uchambuzi. Katika shule ambako mwanafunzi huadhibiwa kwa kuzungumza Kiswahili, mwajiri na mwajiriwa hawawezi kutajwa, na 'employee' itabaki kukaririwa.

8.0 Kamusi mezani

Vifaa vya kazi hii vipo kwa sehemu. Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapishwa mwaka 1996, na taasisi hiyohiyo ilikuwa imekwisha kutoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Tatizo ni namna zinavyotumiwa. Kamusi ya lugha mbili hupanga visawe, na mwanafunzi mwenye haraka huchukua cha kwanza. Chini ya neno kama 'settlement' atakuta makazi, malipo, mapatano na kutuama kwa tope. Anayeishi Katumba atachukua makazi, na swali la kemia litakuwa limempita. Kamusi haikukosea, lakini mpangilio wa alfabeti hauwezi kumwonyesha kuwa visawe vyote hivyo vinatoka katika 'settle', kutulia: watu wametulia mahali, deni limetulia, ugomvi umetulia, tope limetulia chini ya chombo. Kitenzi hicho kimoja cha Kiswahili kinabeba maana zote nne bila kulazimishwa, na mtoto wa machimboni ameliona tope likitulia mara nyingi kuliko mwandishi wa kamusi.